Huduma ya Lishe ya Wanga Kidogo Katika Mwaka wa Tatu: Inachohesabu na Inachokiacha

Tathmini nyingi za huduma za lishe ya wanga kidogo huandikwa mapema mno. Mwandishi huwa na miezi mitatu au minne tu ndani ya mpango, nguo zimeanza kumlegea, na kila kipengele alicholipia kinaonekana kuwa na maana kwa sababu mizani inashuka. Tathmini hii inahusu kipindi kinachofuata, yaani mwaka wa pili na wa tatu, wakati mtumiaji bado anakula wanga kidogo kama alivyofundishwa, hajarudia sukari wala mkate, na hata hivyo uzito unarudi gramu mia mbili au mia tatu kwa mwezi. Nimekuwa mteja wa huduma ya aina hii kwa miaka kadhaa. Ina programu ya simu yenye daftari la chakula na grafu ya uzito, mapishi mapya kila wiki, vijiti vya kupima ketoni (kemikali ambazo ini hutengeneza kutokana na mafuta wanga unapopungua) kwenye mkojo, vitafunwa vya pakiti vinavyouzwa humo humo, na mshauri ambaye mteja huandikiana naye. Jina lake silitaji, kwa kuwa huduma za namna hii zimejengwa kwa ramani moja, na ninachokilalamikia ni ramani yenyewe.

Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji asiisubiri: huduma hii huhesabu wanga kwa uangalifu wa kupigiwa mfano na kuacha karibu kila kitu kingine kipite bila kuhesabiwa, na uzito unaporudi, hurudi kwa njia ya kile kisichohesabiwa.

Haki yake kwanza ipewe. Kupunguza wanga hufanya kazi, na hufanya kazi haraka. Protini hushibisha, ketoni zikipanda watu wengi huhisi njaa imetulia, na kuondoa makundi mazima ya vyakula humpunguzia mtu maamuzi mengi ya kila siku ambayo ndiyo humchosha na kumwangusha. Kwa wenye kisukari aina ya pili manufaa huonekana hata kabla uzito haujashuka sana: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la BMJ, uliokusanya majaribio 23, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita wagonjwa wengi zaidi waliokula wanga kidogo walifikia hali ya sukari iliyotulia kuliko waliokula lishe nyingine. Uchambuzi huo huo ulionyesha pia kwamba faida hiyo ilikuwa imepungua kufikia mwezi wa 12, jambo ambalo matangazo ya huduma hizi hayalitaji, ingawa nusu ya kwanza ya matokeo hunukuliwa kwa furaha.

Mwongozo wa wiki za mwanzo umeandikwa vizuri, una lugha nyepesi, na unamtayarisha mteja kwa maumivu ya kichwa na uchovu wa siku za kwanza. Kosa lake ni ukimya kuhusu maji. Mwili huhifadhi glukosi kwa umbo la glikojeni, kiasi cha gramu 100 kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli, na kila gramu ya glikojeni hushikana na takriban gramu 3 za maji. Mtu akikata wanga, akiba hiyo hutumika na maji yake huondoka kwa mkojo, kwa hiyo kilo mbili za wiki ya kwanza ni glikojeni na maji zaidi kuliko mafuta. Huduma huyapongeza maji hayo kana kwamba ni mafuta yaliyoyeyuka. Mtu anaweza kusema kwamba pongezi haziui, na ni kweli, lakini hapa zinapanda mbegu ya tatizo litakalokuja baadaye, nami nitalirudia nikifika kwenye kipengele kinachoitwa “Anza Upya”.

Kabla ya kuchambua kipengele kimoja kimoja, ni vyema kueleza jinsi uzito unavyorudi, maana bila kulielewa hilo mtu hawezi kujua huduma inapaswa kufanya nini. Mwaka 2008 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la miaka miwili lililofanyika Israel, likiongozwa na Iris Shai, kwa watu 322 waliokuwa mahali pamoja pa kazi. Kundi la wanga kidogo lilipungua haraka kuliko yote katika miezi sita ya kwanza, kisha sehemu ya uzito ikaanza kurudi, na mwishoni mwa miaka miwili wastani wa upungufu ulikuwa kilo 4.7, dhidi ya kilo 4.4 kwa waliofuata lishe ya Mediterania (yenye mboga, samaki na mafuta ya zeituni) na 2.9 kwa waliopunguza mafuta. Watafiti walipowafuatilia tena hadi kutimia miaka sita, kundi la wanga kidogo lilikuwa chini ya uzito wake wa mwanzo kwa kilo 1.7 tu, na lile la Mediterania kwa kilo 3.1. Kuna jambo moja katika jaribio hilo ambalo wauzaji wa huduma za wanga kidogo wangepaswa kulitafakari: makundi mengine mawili yaliwekewa kikomo cha kalori, na kundi la wanga kidogo halikuwekewa. Liliambiwa lihesabu wanga.

Sidai kwamba lishe nyingine zina dawa ya tatizo hili. Mwaka 2020 uchambuzi mwingine katika BMJ ulilinganisha mipango 14 kwa kutumia majaribio 121 yenye washiriki karibu 22,000, na mipango ya wanga kidogo pamoja na ya mafuta kidogo ilileta upungufu wa zaidi ya kilo 4 ifikapo mwezi wa sita, kisha faida ya karibu mipango yote ikafifia ifikapo mwezi wa 12. Katika jaribio la Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford, lililochapishwa mwaka 2018 likiwa na watu 609, wastani wa mwaka mmoja ulikuwa kilo 6.0 kwa wanga kidogo na 5.3 kwa mafuta kidogo, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Ndani ya kila kundi, hata hivyo, kulikuwa na watu waliopoteza kilo nyingi sana na wengine walioongezeka. Kurudi kwa uzito si aibu ya lishe moja. Ninachouliza ni kama huduma inayouzwa kwa usajili wa mwaka baada ya mwaka imejitayarisha kwa jambo linalojulikana wazi kwamba litatokea.

Mwili ulioshuka uzito hubadilika kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, unahitaji nishati kidogo zaidi, kwa sababu ni mdogo, ni mwepesi kubebwa, na umejifunza kubana matumizi. Pili, hamu ya chakula hupanda. Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo iliyopotea, matumizi ya nishati hushuka kwa kilokalori 20 hadi 30 kwa siku, huku hamu ikisukuma ulaji juu kwa takriban kilokalori 100 kwa siku. Kwa aliyepoteza kilo kumi, msukumo huo wa pili ni mkubwa mno, na haupigi kelele. Hauji kama njaa ya kutetemesha mikono. Huja kama kijiko kinachozama zaidi kwenye chupa ya mafuta na mkono unaochota karanga mara moja ya ziada. Lishe yenye ketoni nyingi husaidia kuuzima msukumo huo kwa muda, na hiyo ndiyo sababu miezi ya mwanzo huonekana rahisi, lakini mtu anayekula gramu 60 au 80 za wanga kwa siku hana kinga hiyo kwa ukamilifu.

Kasi ya kurudi kwa uzito nayo ina hesabu yake. Kanuni ambayo Hall na wenzake waliichapisha katika jarida la Lancet mwaka 2011 husema kwamba badiliko la kudumu la kilokalori 24 hivi kwa siku huishia kwenye badiliko la kilo moja ya uzito. Nusu ya badiliko hutokea ndani ya mwaka mmoja hivi, na karibu lote ndani ya miaka mitatu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120. Mtu akizoea kukiongeza kila siku bila kupunguza kingine, anaelekea kupanda kilo tano: kilo mbili na nusu katika mwaka wa kwanza, zilizobaki polepole baadaye. Hakuna siku hata moja ambayo angeweza kuinyooshea kidole na kusema hapa ndipo nilipoharibu, wala katika siku hizo zote hakula hata gramu moja ya wanga zaidi.

Kwa kipimo hiki, daftari la chakula ndilo kipengele kinachoniudhi kuliko vyote, hasa kwa sababu limetengenezwa kwa ustadi. Hifadhidata yake ya vyakula ni kubwa, linasoma lebo kwa kamera, na idadi ya wanga huonekana katikati ya skrini kwa tarakimu kubwa zinazobadilika rangi kadiri mtu anavyokaribia kikomo. Mafuta na jumla ya nishati vimefichwa kwenye ukurasa wa pili ambao lazima mtu autafute. Katika mafunzo ya mwanzo mteja huambiwa waziwazi kwamba mafuta hayana haja ya kupimwa kwa sababu shibe itamwongoza. Kwa miezi michache shauri hilo hutimia, kisha huacha kutimia bila mtu kuarifiwa. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga na ya protini 4, kwa hiyo daftari linalofumbia macho kirutubisho kizito kuliko vyote linamwachia mtumiaji mlango mkubwa wazi. Gramu 100 za lozi zina kilokalori karibu 580 na wanga mchache; kwenye skrini ya daftari hilo huonekana kama chakula kisicho na madhara yoyote.

Kuna mtetezi atakayesema kwamba mtu mzima hujua amekula kiasi gani. Utafiti wa mwaka 1992 katika New England Journal of Medicine ulichunguza watu waliosadiki kwamba miili yao imegoma kupungua ingawa wanakula kidogo. Vipimo vya maji yenye isotopu, ambavyo huonyesha nishati iliyotumika kwa kweli, vilithibitisha kwamba walikuwa wakiripoti ulaji pungufu kwa asilimia 47 na mazoezi zaidi ya kiasi kwa asilimia 51. Walikuwa watu waaminifu wenye macho ya kawaida, na macho ya kawaida ni mizani mibovu. Ndiyo maana huduma inayojiita msaidizi wa kula kwa kipimo ingepaswa kumsihi mteja wa muda mrefu anunue mizani ya jikoni na apime mafuta, jibini, karanga na krimu kwa wiki mbili kila baada ya miezi michache. Hii ninayoitathmini haina hata sehemu ya kukumbusha jambo hilo.

Vijiti vya mkojo huja katika kifurushi cha kila mwezi, na kwa mtumiaji mpya vina msisimko: unakichovya, kinageuka zambarau, unajiona umefaulu. Tatizo ni kwamba vinajibu swali lisilo lenyewe. Vijiti hivyo hupima asetoasetati, aina moja ya ketoni, inayotoka kwenye mkojo. Kiwango chake hubadilika kulingana na maji uliyokunywa, na kwa watu wengi rangi hufifia baada ya muda mrefu kwa sababu mwili huzitumia ketoni vizuri zaidi na kutupa kidogo. Zaidi ya hapo, ketoni haziulizi mafuta yametoka wapi. Ini huzitengeneza kutokana na mafuta ya kiunoni na kutokana na mafuta ya sahani vilevile. Mtu anaweza kuwa na kijiti cha zambarau kila asubuhi na wakati huo huo kuongezeka uzito kwa sababu anakula mafuta zaidi ya anayoyachoma. Kipimo cha damu, kinachopima beta-hidroksibutireti, aina nyingine ya ketoni, ni sahihi zaidi na watu huzungumzia kiwango cha 0.5 hadi 3 mmol kwa lita, lakini hata hicho hakisemi kama akiba ya mafuta inapungua. Anayehitaji kufuatilia ketoni kwa sababu za kitabibu ana hoja. Anayefuatilia uzito hana haja ya kuzilipia.

Vitafunwa vya pakiti navyo ni suala la hesabu. Lebo zake hutangaza “wanga halisi”, yaani jumla ya wanga baada ya kutoa nyuzinyuzi na alkoholi za sukari, ambazo ni vitamu mbadala kama eritritoli na maltitoli. Hesabu hiyo ina mantiki kwa nyuzinyuzi na kwa eritritoli, ambayo karibu yote hutoka mwilini bila kutumika. Kwa maltitoli mambo ni tofauti: ina zaidi kidogo ya kilokalori 2 kwa gramu na hupandisha sukari ya damu, ingawa kwa kiasi pungufu kuliko sukari ya kawaida. Nilipogeuza pakiti na kusoma viambato, maltitoli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kwenye orodha, na kila kitafunwa kimoja kilikuwa na nishati ya mlo mdogo. Ladha, nikiri, ni nzuri, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa kimoja hakitoshi na daftari linakuruhusu kula vitatu.

Mapishi sina neno nayo kubwa. Ni mengi, hueleweka, hayahitaji vyombo vya ajabu, na mboga zimepewa nafasi ya heshima kuliko inavyozoeleka katika mipango ya namna hii. Kasoro yake ni kwamba vipimo vya sahani havibadiliki. Mteja aliyeanza akiwa mzito na mteja yule yule aliyepungua sana hupewa sahani yenye ukubwa ule ule, ilhali programu ina uzito wake wa leo kwenye kumbukumbu zake na ingeweza kupiga hesabu mpya kwa sekunde moja. Sijaona sababu ya kiufundi ya kutofanya hivyo.

Sasa grafu ya uzito, pamoja na “Anza Upya”. Grafu huanzia siku ya kwanza ya usajili na kulinganisha kila kipimo na siku hiyo. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyepoteza kilo 15 na kurudisha 6 husalimiwa kila asubuhi na maneno yanayomwambia amepoteza kilo 9, jambo ambalo ni kweli na linampotosha. Kipimo cha mhimili wa uzito nacho ni kipana kiasi kwamba kupanda kwa gramu 300 kwa mwezi huonekana kama mstari ulionyooka. Hakuna wastani wa wiki, hakuna alama ya uzito wa chini kabisa uliowahi kufikiwa, hakuna tahadhari yoyote mwelekeo unapogeuka. Uzito wa mwili hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya maji, chumvi na kilichomo tumboni, kwa hiyo kipimo cha siku moja hakina maana kubwa. Wastani wa wiki, ukiwekwa kando ya wastani wa wiki nyingine, ndio unaosema ukweli, na programu yoyote inayojua kujumlisha na kugawanya ingeweza kuutoa.

“Anza Upya” ni kitufe kinachojitokeza mtu akiandika ongezeko la ghafla, mathalani baada ya siku mbili za sherehe. Kinampa siku chache za wanga kidogo sana, na baada ya siku hizo kilo mbili zimeondoka, pongezi zinamiminika. Msomaji aliyefuata maelezo ya glikojeni hapo juu tayari ameshaona kilichotokea: kilo hizo zilikuja na wanga wa sherehe na maji yake, na zimeondoka kwa njia ile ile ziliyojia. Mafuta yaliyoongezeka kwa siku mbili hizo ni kidogo na bado yapo. Hata hivyo mteja amefundishwa kwamba kila ongezeko lina dawa, na dawa hiyo inafanya kazi. Anaweza kubonyeza kitufe hicho kila baada ya majuma kadhaa kwa mwaka mzima, kila mara akishuhudia ushindi, huku sakafu ya uzito wake ikipanda taratibu chini ya mawimbi hayo. Sijui kipengele kingine katika huduma hii kinachoficha kurudi kwa uzito kwa ufanisi kama hiki.

Mshauri hujibu ndani ya siku moja, kwa adabu, na kwa majibu yanayofanana mno kuwa ya mtu anayenisoma. Nilipoeleza kwamba uzito unarudi ingawa wanga uko palepale, jibu lilikuwa nishuke hadi gramu 20 kwa siku. Nilipouliza kama mwili mdogo hauhitaji chakula kidogo zaidi, nilielekezwa kufunga kwa saa nyingi zaidi kati ya mlo na mlo. Nilipouliza mara nyingine, nikaambiwa ni umri. Hoja ya umri inapendwa kwa sababu haimlaumu yeyote, lakini utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science, wenye vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba matumizi ya nishati, yakirekebishwa kwa ukubwa na muundo wa mwili, hubaki karibu palepale kati ya miaka 20 na 60, kisha hushuka kwa asilimia 0.7 hivi kwa mwaka. Misuli inayopotea na kutembea kunakopungua ni jambo jingine, na hilo mtu anaweza kulifanyia kazi. Mshauri hakugusa hata moja kati ya hayo mawili.

Kuhusu kushuka hadi gramu 20, shauri hilo si la kubezwa lote. Watu wengine hupata tena ule utulivu wa njaa, wanakula kidogo bila kujilazimisha, na uzito unashuka. Lakini si kwa sababu wanga ulikuwa na uchawi. Mwaka 2021 Hall na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Medicine matokeo ya watu 20 waliolazwa katika kituo cha utafiti na kula kadiri walivyotaka, wiki mbili lishe ya ketoni yenye vyakula vya wanyama kwa wingi na wiki mbili lishe ya mimea yenye mafuta kidogo. Insulini, homoni ambayo watetezi wa wanga kidogo husema ikishuka njaa nayo hushuka, ilikuwa chini zaidi kwenye ile ya ketoni, na bado washiriki walikula takriban kilokalori 700 zaidi kwa siku kuliko walipokuwa kwenye ile ya mimea. Wiki mbili ni muda mfupi, na sitaki kuzigeuza kuwa hukumu ya maisha ya mtu. Ila zinatosha kuonyesha kwamba insulini ikishuka haimaanishi kwamba ulaji utashuka nao. Mshauri anayejua jambo moja tu, yaani kukata wanga zaidi, hana la kumwambia mtu ambaye wanga wake umeshakatwa na nishati yake imepanda kwa upande wa mafuta.

Mazoezi yamepewa ukurasa mmoja wenye video za kunyoosha viungo, na nadhani yamewekwa ili yasikosekane. Hili ni pengo kubwa kuliko linavyoonekana. Sehemu ya uzito unaopotea, mara nyingi kiasi cha robo, si mafuta bali misuli na tishu nyingine, na mtu asiyefanya mazoezi ya nguvu wala kula protini ya kutosha hupoteza zaidi. Marekani kuna orodha ya kitaifa ya watu waliofaulu kudumisha uzito, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill. Sharti la kuingia ni kuwa umepoteza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Tabia zinazojirudia miongoni mwao ni kujishughulisha kwa mwili kwa karibu saa moja kwa siku, kujipima uzito mara kwa mara, wengi wao angalau mara moja kwa wiki, na kuendelea kuangalia kiasi cha chakula hata baada ya kufika walikotaka. Orodha hiyo ni ya waliojitokeza wenyewe, kwa hiyo haithibitishi chanzo cha mafanikio yao, lakini ni ajabu kwamba huduma inayouza udumishaji wa uzito haina hata moja ya tabia hizo kama kipengele kamili.

Tahadhari za kitabibu zimeandikwa kwa herufi ndogo, na zilistahili kuwa kubwa. Anayetumia insulini au dawa za kisukari za kundi la salfonilurea sukari yake ya damu inaweza kushuka vibaya akikata wanga bila kupunguziwa dozi, na anayetumia dawa za kisukari za kundi la SGLT2 ana hatari ya damu kujaa ketoni na asidi hata sukari ikiwa karibu na kawaida. Kwa watu wengine kolesteroli ya LDL, ile iitwayo mbaya, hupanda sana kwenye lishe hii, na kipimo cha damu ndicho pekee kinachoonyesha. Uzito ukirudi ghafla, pamoja na miguu kuvimba, uchovu usioeleweka au kuhisi baridi kupita kiasi, au ukirudi baada ya kuanzishiwa dawa kama steroidi, ni suala la daktari, na hakuna daftari la chakula litakalolitatua.

Kwa nani basi naipendekeza huduma hii? Kwa anayeanza, asiyejua apike nini, anayehitaji kushikwa mkono kwa miezi sita, ina thamani, na kwa mapishi peke yake mtu hapotezi. Kwa aliyefika mwaka wa pili na kuona mizani ikipanda kidogo kidogo, siipendekezi ilivyo sasa. Usajili wangu nimeushusha hadi daraja la chini lenye mapishi tu. Vijiti na vitafunwa nimevikataa. Daftari bado nalitumia, lakini nimeingia kwenye mipangilio na kuuleta mbele ule ukurasa wa pili, jambo linalowezekana kwenye toleo la sasa ingawa maelekezo hayasemi, na wastani wa uzito wa wiki nauandika pembeni kwa mkono. Anayetaka kuhama na kumbukumbu zake afahamu kwamba zinapakuliwa kwenye ukurasa wa akaunti, chini kabisa, kabla usajili haujakwisha. Ukishakwisha, ukurasa huo haufunguki tena.